Tundu la Mfuniko wa Tangi

Sisi tuliokulia Gendabi wakati lori moja lilipohudumia vijiji vitatu tuliijua injini kwa harufu kabla ya kuijua kwa jina: petroli, vumbi, na maziwa ya mgando yaliyomwagika kutoka kwenye vibuyu vya abiria. Leo kijana hutazama video nne akaitwa fundi. Enzi zile hukukabidhiwa hata spana kabla ya kujifunza kutandika ngozi.

Baba yangu, mkulima aliyejifundisha ufundi kwa kitabu kisicho na jalada, hakufungua injini bila kutandaza ngozi ya ng'ombe kando ya lori lake. Kila kilichofunguliwa kilipangwa juu yake kwa safu, kuanzia shingoni kuelekea mkiani, kwa mfuatano wa kutoka kwake. Wakati wa kurudisha, alianzia mkiani. Sikumbuki nati hata moja iliyobaki bila kazi. Mafundi wa siku hizi hubakiza konzi nzima ya nati, na hawaoni haya.

Mwaka mmoja, wakati wa mavuno ya maharage, lori lilianza kuzimika. Liliondoka Maretadu limejaa magunia, likaenda mwendo mfupi, likazimika. Likiachwa kidogo liliwaka, kisha likazimika tena. Mnadani Katesh kila mtu alikuwa bingwa. Huyu alisema pistoni zimekwisha. Yule aliapa kwamba lori lilikanyaga kaburi. Jirani yetu Mzee Bura, mfugaji aliyependa kumchokoza baba, aligonga bampa kwa fimbo yake.

"Baba Yohana, hili limeuzidi umri mlima Hanang. Uza, watu wakafue majembe."

"Majembe utalimia wewe? Mpini wenyewe hujawahi kuushika."

Mzee Bura alicheka hadi akakohoa. Baba hakucheka, kwa kuwa mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameahidi kuja Jumamosi, na bila lori lile maharage ya ndugu zetu wote wa Maretadu yangeozea ghalani.

Nami nikamkimbilia baba na habari. "Baba, watu wanasema injini imekufa."

"Umeona, au umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi bado hujaniambia kitu."

Kwa siku tatu alifungua, akasafisha, akapanga: kabureta, pampu, mirija. Vyote vilikuwa vizima. Siku ya tatu alisimama ghafla. Alikuwa amekumbuka kwamba kila lori lilipozimika alifungua mfuniko wa tangi ili achovye kijiti na kupima petroli, na kila alipofanya hivyo liliwaka. Akauinua mfuniko kwenye mwanga. Tundu lake dogo la kupitishia hewa, ambalo likiziba petroli haishuki kwenye injini, lilikuwa limezibwa na mafuta ya ng'ombe yaliyogandamana na vumbi.

Watoto wa Mzee Bura walikuwa wameniambia kwamba ngozi ikipakwa mafuta haipasuki juani. Washa ya mfuniko ule, ile pete ya kuzuia petroli isivuje, ilikuwa ya ngozi. Nami, kwa mapenzi mema na ujinga kamili, niliupaka mfuniko mzima. Nilikiri palepale. Baba hakunichapa. Alinipa msumari mwembamba, akasema, "Zibua." Jumamosi tulikwenda Katesh na magunia yote bila kuzimika hata mara moja. Mnunuzi wa vyuma tulipishana naye njiani, na baba akampigia honi ndefu.

Lori lile sasa ni langu. Juma lililopita lilikataa kuwaka. Mjukuu wangu Emanueli, anayejiita fundi, alilikagua kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, akatupia nati kadhaa kwenye ndoo, akaja.

"Shikamoo, babu. Injini hii ndiyo basi tena."

"Marahaba. Umeona, au umesikia?"

"Kwenye grupu wamesema, babu. Kuna mtu katuma hadi video."

"Huyo mtu amefika Gendabi?"

"Babu nawe! Yuko Uturuki."

Emanueli alikuwa ameshawapigia simu watu wa vyuma chakavu waje Jumamosi. Nilimcheka kwa sauti. Nikatoa kwenye mfuko wa koti msumari wa baba, nikaliendea tangi kwa hatua za mtu anayejua, nikafungua mfuniko na kuuinua juani.

Tundu lilikuwa wazi. Kupitia humo niliona anga.

Emanueli naye akainama kuchungulia. Hapo nikatambua kuwa mimi pia nilikuja na habari za kusikia. Tofauti ni kwamba zangu zilikuwa za zamani, na msemaji wake ni mimi mwenyewe.

"Kalete ngozi," nikamwambia.

"Ngozi gani, babu?"

Kweli, ngozi ipi? Zizi langu siku hizi lina pikipiki mbili na kuku. Zamani kila nyumba ilikuwa na ngozi. Leo kila nyumba ina turubai la plastiki, lisilo na shingo wala mkia. Tulilitandaza hilohilo. Upande mmoja nikaweka jiwe, nikaimwaga ndoo yake ya nati.

Emanueli akatia simu mfukoni, akachuchumaa.

"Tunaanzia wapi, babu?"

"Kwenye jiwe," nikasema. "Hapo ndipo shingoni."