Air Cleaner ya Kuazima

Juzi, kwenye mlima wa Kiamunyi, niliona pikapu kuukuu ikitoa moshi mweusi, nikaangalia chini.

Ya kwetu, nilipokuwa mtoto, pia ilikuwa hivyo. Siku ya kuipeleka inspection ya magari, Baba aliazima air cleaner mpya, kichujio cha hewa ya injini, ya jirani yetu, Mzee Otieno, akaifunga kwenye injini yetu ili moshi upungue. Mkaguzi, kijana mdogo, alifungua boneti akaisifu air cleaner.

"Si yetu," nikamwambia, kwa fahari ya mtoto wa Sunday school. "Tunairudisha jioni."

Foleni nzima ikacheka.

"Mzee, rudi ukiwa na yako," kijana akasema.

"Sawa, boss," Baba akajibu.

Nikangoja anisifu kwa kusema kweli. Akawasha gari, tukarudi nyumbani. Jioni alinituma kwa Mzee Otieno na ile air cleaner, ikinuka dizeli.

"Gari ilipita?" mzee akauliza.

"Ilipita," nikasema.