Wimbo Uliosema Sikugeuka

Niseme mapema ili mtu asidhani nimejuta: nilikusudia, na nilijiandaa mwaka mzima.

Miaka ya sitini nilikaa Kisangani kwa shangazi yangu. Nilikuwa mchumba wa kijana mwenye gitaa la umeme. Yeye na wenzake watatu walivaa suruali za kubana, wakapiga muziki wa yéyé waliojifunza kwenye santuri za Ulaya. Alitaka wimbo wake mwenyewe, wa taratibu, wa watu kucheza wawili wawili. Wiki mbili alikaa uani kwetu akirudia mwanzo uleule, asijue aelekee wapi. Siku moja nilikuwa natwanga pondu, majani ya muhogo, nikiimba bila maneno, sauti ikifuata mchi. Akaruka kitini.

“Rudilia pale! Pale pale!”

Nikarudia hadi mkono ukauma. Kiitikio kikapatikana hivyo. Maneno alisema atayatia baadaye.

Kabla hajayatia, habari zikaja kwamba papa yangu, baba mzazi, anaumwa sana kwetu Yanonge. Mchumba wangu ndiye aliyenibebea valizi yangu ya nguo hadi bandarini, akaipandisha ndani ya bato, ile boti ya mtoni, kwa mikono yake. “Enda umuangalie papa,” aliniambia. “Nitakungoja.” Nilimwandikia barua mbili. Hakujibu. Miezi mitatu baadaye papa alipopata nafuu nikarudi, nikamkuta ameshachumbia binti wa mwalimu mkuu, na wimbo wetu unapigwa kila baa:

*Bato iliondoka, haukugeuka,
ulifuata mwengine, mi nikabaki na maji.*

Watu humhurumia aliyeachwa. Yeye alijua hilo, akachukua nafasi yangu.

Wimbo ule ulipendwa kupita kiasi. Redio iliupiga asubuhi na jioni, na mji mzima ulijua huyo wa bato ni nani. Sokoni, nikipanga samaki wangu, wavulana walipita wakipiga mluzi wa kiitikio changu mwenyewe. Hata siku ya harusi yangu na seremala mmoja mpole, mama yake aliuliza mbele ya wageni, “Donc, kumbe iko huyu wa bato?”

Mume wangu hakuwahi kuniuliza neno. Wimbo ukianza, alizima redio, akaendelea kupiga randa. Nilidhani anazima kwa kunionea huruma. Tuliishi hivyo zaidi ya miaka hamsini. Alipokuwa kitandani, amebakiza mifupa, akanishika mkono mchana mmoja.

“Uniambie kweli. Ule mwanaume, ulimuacha namna wimbo inasema?”

Nilimweleza yote. Aliitikia kwa kichwa, lakini sikujua kama ni kwa kuniamini au kwa uchovu. Siku ya tatu akafa.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoota meno. Mpiga gitaa yule alikuwa amelala katikati ya kitanda chetu miaka yote, na mimi sikumwona.

Nikaanza kutunga jibu langu. Mwaka uliofuata, parokia ikatangaza sherehe ya kuwaheshimu wanamuziki wazee, Jumapili baada ya misa. Nilivaa liputa yangu mpya, kitenge cha sikukuu, nikakaa safu ya kwanza. Mchumba wangu wa zamani alikuja na mkongojo, mkewe, yule binti wa mwalimu mkuu, kando yake, akapewa kiti na gitaa. Akaanza. Watu wakapiga makofi. Kilipofika kiitikio nilisimama, nikaimba kwa sauti kuliko yeye:

*Bato iliondoka, ulinibebea valizi,
ukasema utangoja, ukachumbia mwengine kabla nirudi.*

Kwanza watu walicheka, wakidhani ni pongezi. Kisha gitaa likanyamaza.

“Nani alipandisha valizi yangu mu bato, na barua zangu mbili nani alipokea?” nikamuuliza.

“Mama, ile iko wimbo tu.”

“Bwana yangu alikufa na ile wimbo tu.”

Mkewe alimgeukia. “Ulibeba?”

“Nilibeba,” akasema.

“Na barua zake?” mkewe akauliza tena.

Akaanza kukaza nyuzi za gitaa. Mkewe akachukua mkoba wake, akatoka nje peke yake, na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia utamu hadi kwenye visigino.

Vijana walikuwa wameturekodi kwa simu. Kabla ya wiki kwisha, mji ulikuwa unaimba maneno yangu, na sokoni wauza samaki wenzangu waliyaitikia kwa vigelegele.

Kisha binti yake akaja kwangu, mtu mzima mwenye adabu. “Mama, papa anaomba musamaha. Anakonda. Hagusi tena gitare.”

“Bon,” nikamwambia. “Aliyeuliza swali na kufa bila kuwa na hakika si mimi. Aende kaburini kwa bwana yangu, amwambie kwa mdomo wake.”

“Miguu yake haimubebi, mama.”

Nikamjibu kwamba toleka, zile baiskeli za abiria, zinafika hadi mlangoni pa makaburi, na zina kiti kizuri nyuma. Mpaka leo hajaenda. Padri ananiambia nimwachie Mungu. Nami namwambia padri kwamba sijamaliza.