Mtaro Niliouacha Kwangu

Siku yangu ya kwanza kuendesha greda nilifanya ujinga ambao madereva wa Karatu waliucheka mpaka nikazeeka. Nilipewa kipande cha barabara ya kupandia Ngorongoro, nikakisawazisha kikawa bapa kama meza. Nikashuka kukitazama kwa mahaba. Usiku mvua ikanyesha, na asubuhi bata wangeweza kuogelea pale. Gari la watalii likazama mpaka milangoni. Wageni wakashuka kupiga picha, si za wanyama, za kazi yangu.

Fomeni wetu, mzee mfupi aliyevaa koti la mvua hata kiangazi, hakunitukana. Aliokota kijiti akachora kwenye tope.

"Kijana, barabara ina mgongo kama wa ng'ombe. Katikati juu, pembeni chini. Na kabla ya mgongo, unaanza na nini?"

"Bledi, mzee?" Bledi ni lile bamba refu la chuma tumboni mwa greda, linalokwangua udongo.

"Mtaro! Anza na maji. Maji yakishapata pa kwenda, hata bwege kama wewe atatengeneza barabara."

Maneno hayo yalinipandisha cheo. Nilipelekwa Oloipiri, nikakwangua njia ambayo ng'ombe waliitumia zaidi kuliko magari. Mhandisi wa kule alinisifu mbele ya wenzangu: "Opereta mzuri hana kwao." Nikavimba kichwa. Baadaye nikarudishwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kwenye ukungu, nikiwa opereta mkuu, na mitaro yangu haikuziba hata masika ya kutisha.

Sasa kichekesho chenyewe. Mimi kwa asili ni mtu wa nyumbani. Sipendi safari, na chai ya kambini hainipandi. Nilikuwa nikilala kwenye hema nikiwaza jiko letu la Mbulumbulu, mpaka wenzangu wakanibatiza Bi Harusi. Na kila mvua zilipokaribia, mke wangu Yustina alinieleza jambo lile lile: "Baba Neema, tuchimbie mtaro pale kwenye njia ya kuingia nyumbani. Maji yanakula njia."

Ilikuwa kazi ya jembe, ya likizo moja tu. Lakini likizo nyingine niliiuza, nyingine niliimalizia jikoni nikinywa chai na kumfafanulia Yustina jinsi mitaro inavyochimbwa. Kwanza bati jipya, nilisema. Kwanza ada ya Neema. Kwanza makochi. Mtaro nikistaafu. Hakuna kilichokuwa cha kijinga katika hivyo vyote. Nilianza na mgongo tu, maji nikayaacha.

Njia ikawa ufa, ufa ukawa korongo. Nilipostaafu, mtu mzima akisimama ndani huoni kofia yake.

Hata hivyo nilirudi kwa shangwe. Nikakaa jikoni siku nzima, nikimwelekeza Yustina sufuria ikae wapi, kuni zipangwe vipi, na kwa nini maharage yake yanachelewa kuiva. Nilizoea kuwa na vibarua. Haukupita muda akafunga nguo zake, akahamia kwa Neema, Karatu mjini.

"Ni magoti, Baba Neema," alisema. "Hilo korongo siliwezi tena."

Tangu siku hiyo nachimba. Nimekata mtaro kule juu kuyachepusha maji, nimepanga mawe, nimepanda matete yashike udongo. Mgongo wangu mwenyewe sasa umepinda kuliko wa barabara yoyote niliyotengeneza. Nyinyi vijana mnaokuja kuniuliza siri za greda, siri ninayo moja, na nilipewa siku ya kwanza nikiwa nimesimama kwenye tope. Niliitumia kila mahali isipokuwa pale nilipotaka kuishi.

Juzi jirani yetu, Mama Bura, alipita na mzigo wa majani ya ng'ombe. Nikamwonyesha kazi kwa majivuno.

"Unaona, Mama Bura? Nikimaliza hapa, Mama Neema anarudi."

Akatua mzigo. Akalitazama korongo, kisha akanitazama mimi.

"Baba Neema, hili korongo mwenzako amelivuka miaka yote na debe la mahindi kichwani. Magoti yalianza kumuuma uliporudi wewe."