Kugonga Mara Moja na Kungoja

Mama yangu aliuza vyungu sokoni mjini Baraka, na hakupokea chungu chochote kwa wafinyanzi kabla ya kukigonga. Alikiweka juu ya kiganja, akakigonga kwa kidole mara moja tu, kisha akanyamaza mpaka mlio uishe kabisa. Ole wako umsemeshe wakati huo. Mwanzo wa mlio, alisema, vyungu vyote ni vizima. Ufa husikika mwishoni.

Ilikuwa enzi ya chama kimoja, tulipoitana sitwayeni, yaani raia, na kwenda salongo, kazi ya umma ya Jumamosi, tupende tusipende. Mimi nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, nilikosoma mawimbi ya redio, na mwalimu wangu alikuwa ameniazima kompyuta ndogo ya kuchomeka kwenye televisheni. Baba alikuwa hospitalini Bukavu, amepasuliwa tumbo. Habari zake zingetufikia kwa foni tu, ile redio ya betri ya hospitali ya Baraka ya kuzungumza na miji ya mbali. Asubuhi foni ilisikika vizuri, lakini asubuhi ilikuwa ya waganga wa hospitali na maagizo yao ya dawa. Familia zilipewa adhuhuri, kwa masafa mengine ya mawimbi, na adhuhuri waya wetu wa antena ulikuwa bubu. Mama alikwenda hata hivyo kila siku, akakaa kwenye benchi, akasikiliza mvumo, akarudi. Iliniuma kumwona akivaa kitenge chake kizuri kwa ajili ya mvumo.

Nikaamua kutafuta antena ya kusikia saa zote mbili. Kuiuliza kompyuta juu ya kila masafa peke yake kungemaliza likizo nzima, kwa sababu umeme wa hospitali, nilikoiweka, ulikuwapo alasiri tu, jenereta ilipowashwa kwa ajili ya kuchemsha vyombo vya upasuaji. Kulikuwa na njia nyingine. Ndani ya hesabu unaukata waya vipande vidogo, unaupiga pigo moja fupi la umeme, kisha unalifuata pigo hilo hatua kwa hatua, likienda ncha ya waya na kurudi, mpaka litulie. Pigo fupi lina sauti zote ndani yake, nene na nyembamba, kwa hiyo jibu moja linatosha.

Kuipanga hesabu ile kulitaka moyo mtulivu, na mimi moyo wangu ulikuwa Bukavu. Siku ya kwanza niliweka hatua za muda kubwa kuliko vile vipande vinavyoruhusu, na namba zikafura mpaka kompyuta ikagoma. Nikazipunguza. Siku ya pili jenereta ilizimwa mstari kwenye televisheni ukiwa bado unatetemeka, na jibu lililokatwa njiani ni jibu la uongo.

Siku iliyofuata Mama alikuja kukaa nami.

"Mutoto yangu, hii kitu yako inafanya nini?"

"Ni kama vile unagongaka nyungu, Mama. Nimegonga mara moya, sasa nangoya inyamaze."

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Baba aondoke. "Kumbe bako banakusomesha nyungu."

Muuguzi mzee aliyesimamia jenereta alipokuja kuizima, Mama alimwinulia kiganja kama alivyofanya sokoni. "Papa, bado inalia. Acha inyamaze yenyewe."

"Mama, hata mafuta iko inanyamaza," alisema yule mzee. Lakini haraka haina baraka, akaongeza, akaketi. Mstari ukalala polepole, na jibu likatoka safi: nyaya mbili za urefu tofauti, zikianzia mahali pamoja.

Jumamosi majirani wakasimamisha mianzi ya kushikilia nyaya, nami nikaipenda salongo kwa mara ya kwanza maishani. Kitu nilichosahau kuhesabu ni majirani wenyewe. Jumatatu nilikuta vitenge vibichi vimeanikwa kwenye nyaya zangu. Nilivianua nikivigombeza, maana wenyewe sikuthubutu kuwagombeza.

Adhuhuri hiyo Baba akasikika.

"Mama ya batoto, mi niko muzuri. Banganga banasema ntarudi karibuni. Batoto balime tu. Terminé."

Nilijaa furaha, nikafungua kinywa. Mama akainua kiganja. Mtu wa Bukavu alikuwa amechelewa kuachia kitufe, na baada ya lile “terminé” la kufunga mazungumzo tukasikia pumzi ya Baba ikipanda, ikakwama, ikashuka. Kisha mvumo.

"Amesema iko muzuri," nikamwambia.

"Nimesikia kile amesema. Nimesikia na nyuma yake." Alikaza kitenge kiunoni. "Baba yenu iko na ufa. Kesho mi naenda."

Kesho yake alipanda lori la Uvira, na kutoka huko akaendelea Bukavu. Alimkuta Baba bado ana sauti. Waganga walikuwa wamekwisha kumwambia ukweli, naye hakutaka tuusikie redioni, mbele za watu. Wakakaa pamoja siku zote zilizobaki, na hazikuwa nyingi.

Aliporudi Baraka nilikuwa na maswali mengi. Yeye ndiye aliyeanza.

"Nilikuwa karibu yake," alisema. "Nilingoya mpaka ikanyamaza yenyewe."