Padri Mdogo Aliyekataa Kubariki Bunduki

Alizaliwa mwaka wa ukame, katika chumba cha nyuma cha karakana ya seremala, mama yake akilalia godoro lililojaa vumbi la mbao. Kaka yake, mtoto wa miaka sita, alitolewa nje mlango ukafungwa, na inasimuliwa kuwa hapo ndipo donge lilipomkaa rohoni: mama hakuwa wake peke yake tena. Wote wawili walipata wito, wakapewa daraja takatifu ya upadri, wakatumwa parokia moja. Waamini wakawaita Padri Mkubwa na Padri Mdogo.

Padri Mkubwa alijaliwa ulimi. Akihubiri, hata vichanga walinyamaza. Padri Mdogo alikuwa na kigugumizi. Lakini kila Jumamosi foleni ya kitubio ilijipanga kwake, ikazunguka nguzo hadi mlangoni, kaka mtu akibaki kukodolea macho pazia la kiti chake kitupu. "Wanampendea nini huyu?" alijiuliza, roho ikimuuma.

Vilipozuka vita na watu wa ng'ambo ya mto, waliosali sala zilezile, Padri Mkubwa alipata alichokikosa. Alipanda mimbarini akatangaza kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyewatuma, na atakayekufa vitani ataingia mbinguni moja kwa moja. Kanisa likafurika. Vijana walimbusu mkono, wakaenda kujiandikisha. Siku hizo alilala usingizi mnono.

Ndipo kamanda wa kikosi chao alipopanga bunduki mbele ya altare, akataka Padri Mdogo azibariki. "Vijana wangu wanamwamini huyu," alisema. Maneno hayo yalimchoma Padri Mkubwa kama pasi ya moto.

Padri Mdogo aliweka chini maji ya baraka. "Si... siwezi. Mungu hakumtuma mtu kuua. Msimsingizie."

"Usinitie aibu, mdogo wangu," kaka alinong'ona.

"Kaka, na wewe unajua."

Padri Mkubwa akamgeukia kamanda. "Huyu ni msaliti."

Padri Mdogo alipelekwa mstari wa mbele kubeba majeruhi. Aliwabeba wa pande zote mbili, akapigwa risasi akiwa amemkumbatia mateka ili asiuawe. Wauguzi walishuhudia kwamba tangu alipoanguka, hakuna bunduki iliyolia pale hadi pande zote zilipomaliza kuchukua maiti wao.

Kamanda aliamuru azikwe bila sala. Mama yao alimshika Padri Mkubwa kanzu: "Wewe ni padri, au tarumbeta la kamanda?" Kaburini walifika akina mama wa ng'ambo, wakilia kwa sauti. Padri Mkubwa alipowaona hata maadui wakimlilia mdogo wake, wivu ulimpanda tena, akajionea kinyaa. Akapaza sauti: "Mungu hakuniambia neno hata moja juu ya vita hivi! Nilitaka mnisikilize mimi, mmwache yeye." Kisha akamsalia mdogo wake sala zote za wafu, askari wakimsubiri na pingu.

Wengi wa vijana hawakurudi vitani. Padri Mkubwa alifia gerezani, na waliofungwa naye husema alimwonea mdogo wake wivu hadi mwisho, kwa sababu yeye alikataa mapema. Nasi tuutamani wivu huo. Siku watakapotuomba tumvalishe Mungu sare ya jeshi, tukatae palepale, kabla ya kaburi la kwanza.