Fahali wa Mshindani

Marehemu kaka yangu alikuwa wakili hapa Lodwar. Mahakama ilipohamia Kakuma kwa siku chache kusikiliza kesi za wakimbizi na wenyeji, aliifuata, nami nilimwendeshea gari. Njiani alinisimulia habari za Mmarekani mmoja wa karne ya kumi na tisa, mtoto wa mkulima, aliyejifunza sheria kwa vitabu vya kuazima. Huyo naye alifuata mahakama mji hadi mji, kwa farasi. Mchana alibishana na wakili mwenzake hadi sauti ikakauka. Jioni walikula sufuria moja. Baadaye waligombea kiti kimoja cha bunge. Mmarekani wake akashindwa, akarudi kwenye kesi zake bila kinyongo. Alipokufa, yule aliyemshinda alikuja kubeba jeneza.

"Hiyo ndiyo siasa," kaka alisema.

"Ya watu wenye farasi," nilimjibu. "Sisi tuna punda."

Alicheka mpaka akakohoa.

Kisha akagombea kiti cha wadi. Siku moja, tukitoka Kakuma, tulimkuta mshindani wake amewachinjia wazee fahali kando ya laga, mto wa mchanga uliokauka. Wanaume walikuwa wameketi nusu duara, kila mtu na rika lake, nyama ikiwa juu ya makaa.

"Ejok, wakili," mshindani alimsalimu kwa Kiturkana. "Ama nyama yangu ina sumu?"

Kaka akashuka na kigoda chake, akaketi, akapokea paja.

Kwetu, wakati wa kura, ukila fahali wa mtu mbele ya wazee umekubali akutangulie. Kaka alikulia shule za bweni mbali na huku, hilo hakulijua. Mimi nililijua. Ningeweza kumwita pembeni nimwambie gurudumu limeisha upepo. Sitasema kwamba niliogopa tu. Sehemu ya moyo wangu ilitaka kumwona msomi wetu akijikwaa. Alipokata kipande akaninyooshea, nikasema tumbo linaniuma. Wazee waliutazama mkono wangu ukirudi nyuma.

Habari zilifika Lodwar kabla yetu: wakili amejisalimisha, na hata ndugu yake wa tumbo moja amekataa kula naye.

Alishindwa. Mtu alipomweleza ile nyama ilimaanisha nini, alikuja akaniuliza, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Basi ungekula. Tungekuwa wajinga wawili."

Hakulitaja tena. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Mwaka huu moyo wake ulisimama akiwa anafunga viatu. Kabla hatujamzika, mshindani aliingia bomani akiswaga fahali wa matanga. Vijana wa ukoo wakashika fimbo. Shangazi yetu akasema kutoka walikoketi wanawake, "Fahali wake wa kwanza alikula kiti cha mtoto wetu. Huyu wa pili amekuja kula nini?"

Sasa mkubwa wa nyumba ni mimi. Nikikataa, fahali anarudi alikotoka na uadui unabaki, uadui ambao kaka hakuutaka hata siku moja. Nikikubali, mimi ndiye wa kula kwanza, mbele ya watu wale wale, nyama ya mtu yule yule niliyomwachia kaka aile peke yake.

Mshindani alivua kofia. "Ile siku nilimwita makusudi," alisema. "Nilidhani atakataa."

Kaka angekuwepo angesema huyu ndiye aliyekuja kubeba jeneza. Lakini mimi nilikuwa nafikiria mkono wangu.

Nikawaambia vijana wachinje.

Nyama ilipoletwa nilikaa kwenye kigoda changu, nikachukua paja, nikauma. Ilikuwa ngumu. Nilimkatia mshindani kipande, akapokea kwa mikono miwili.

"Leo tumbo haliumi?" shangazi aliuliza, kwa sauti ya kusikika na wote.

"Linauma, shangazi," nikasema, nikaendelea kula.