Mto wa Sponji

Barazani kwa muuza rangi, alipokuwa akitengeneza baiskeli, watu walimwita Spoki kwa sababu ya wembamba wake. Alikuwa fundi kweli, hilo tusimnyime. Gurudumu likipinda, aliigeuza baiskeli miguu juu, akalizungusha na kuziminya spoki mojamoja mpaka rimu ikaacha kuyumba. Tatizo lake lilikuwa mdomo. Mteja akija na gari, Spoki naye alikuwa na shamba. Akija na tai shingoni, Spoki alikuwa amebakiza kidogo tu kumaliza chuo. Muuza rangi alikuwa akimwambia, "Uongo wako ungekuwa upepo, usingehitaji pampu." Spoki alicheka tu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiumia.

Kisha mvua zikaangusha mlima kule kwao. Tope likafukia nyumba ya mama yake, na mbuzi, na simu, na kila kitu. Mama akabaki na nguo aliyovaa, akapelekwa na wenzake kulala sakafuni kwenye ukumbi wa shule. Spoki alihangaika namna ya kumfikia, hadi aliposikia kuhusu msafara wa baiskeli wa kuwachangia waathirika, kutoka mjini mpaka penye ukumbi huohuo. Walitaka fundi wa kufuatana nao kwenye pikapu ya vipuri. Alijitolea hata kabla ya kuulizwa, akamtumia mama salamu kwa watu wa lori la msaada kwamba anakuja na msafara.

Mkewe alikata kipande cha sponji kutoka kwenye godoro lao, akakishonea kitambaa kikawa mto, maana nyonga ya mama mkwe ilikuwa mbovu. "Barabara ni mashimo matupu, akalie huu," alisema. "Na usirudi bila mama."

Safari ikaanza vizuri, na hapo ndipo ilipoharibikia. Baiskeli ya mwenyekiti wa msafara, daktari wa meno, iliingia shimoni, gurudumu likajikunja vibaya. Spoki alilinyoosha pale pale kando ya barabara. Daktari akamwita Injinia, na kaptura zote za kubana zikaitikia: Injinia, Injinia. Jioni wakamkaribisha mezani kwao. Kichwa kikamvimba, akasahau kabisa kwamba mahali pake palikuwa jikoni na dereva.

"Mimi nawahurumia," alisema dada mmoja wa benki, akipuliza supu yake. "Lakini wale wazee hawana watoto? Mtoto gani anamwacha mama yake alale sakafuni miezi yote hii?" Kisha, bila ubaya wowote, akamgeukia. "Wako yuko wapi, Injinia?"

"Yuko kwangu," alisema Spoki. "Saa hizi yuko sebuleni anaangalia televisheni."

Angeishia hapo, labda tungemsamehe. Akaongeza kwamba mama hapendi feni ya chumbani kwake, na kwamba msichana wa kazi anamdekeza. Meza nzima ikamsifu. Kesho yake akamwambia dereva kando kwamba siku ya kurudi atampandisha kikongwe mmoja anayefahamiana naye, akae kiti cha mbele. Dereva akasema haina shida. Spoki akajipa moyo: atamnong'oneza mama mambo yalivyo, na mama atamwelewa, kama alivyomwelewa tangu utotoni.

Asubuhi ya mwisho walisimama kunywa maji. Daktari akamjia na simu mkononi, huku watu wote wakisikiliza.

"Injinia, wanawahamisha watu pale ukumbini watupishe tulale. Kuna bibi amegoma. Anasema mwanawe ni fundi wa msafara huu. Una mama pale?"

Dada wa benki aliishusha chupa yake. Mdomo wote ule, wa mashamba na vyuo, ulikuwa unatakiwa kutoa neno moja tu.

"Mimi? Si niliwaambia mama yuko kwangu?" Spoki akacheka. "Wazee wakipatwa na shida huchanganyikiwa."

Daktari akayarudisha maneno hayo kwenye simu, vilevile yalivyo. Spoki akainama kukaza mnyororo ambao haukuwa umelegea. Alidhani watu wanahamishiwa kwenye mahema hapo uwanjani. Hakuuliza, maana anayeuliza naye huulizwa.

Walipokelewa kwa vigelegele. Ukumbi ulikuwa umepigwa deki, unanukia dawa, na magodoro mapya yamepangwa. Waathirika waliobaki walikuwa wachache, wa kupigwa nao picha. Spoki aliwapitia sura zao zote, kisha akamfuata mama msimamizi.

"Wengine wako wapi?"

"Ng'ambo ya mto, kambi mpya. Lori lilizunguka mbali sana, daraja halipo." Msimamizi alikuwa anakunja mablanketi. "Waliokuwa na ndugu wa kuwafuata tuliwaacha. Kuna bibi mmoja alitusumbua, mpaka tukapiga simu. Nilipomwambia fundi amesema hana mama hapa, akaniuliza, 'Amesema mwenyewe?' Nikamwambia ndiyo. Basi akapanda lori bila hata kushikwa mkono, na nyonga ile. Nilimwonea huruma. Eti mwanawe anaitwa Spoki. Ninyi wenu si anaitwa Injinia?"

"Ndiyo," alisema Spoki.

Alimkuta daktari mlangoni, na dada wa benki akikausha nywele kwa taulo.

"Ile kambi ya ng'ambo. Pikapu haiwezi kufika?"

"Ni safari ya kutwa nzima, Injinia. Kwani una mtu huko?"

Dada wa benki aliinua macho. Neno lilikuwa pale pale ulimini, na njia ilikuwa wazi, na hakuna ambaye angemfukuza wala kumpiga. Wangemtazama tu.

"Hapana," alisema. "Nilifikiri labda nao wana baiskeli za kutengeneza."

"Mmemsikia?" daktari akawaambia wenzake. "Huyu ndiye mtu mwenye utu." Wakampigia makofi.

Asubuhi ya kurudi dereva aliuliza kikongwe yuko wapi. Spoki akasema hayupo. Basi daktari akaleta gurudumu lake, lile lililonyooshwa njiani, akataka lisafiri mbele lisije likapinda tena.

"Na huu mto wa nani?" daktari akauliza.

"Si wa mtu," Spoki akajibu. Aliulaza kitini, akaliweka gurudumu juu yake, akalifunga kwa kamba na kulitikisa kwa mkono mpaka akaridhika kwamba haliyumbi.

Wakiwa njiani, yeye akiwa nyuma katikati ya baiskeli, mkewe akapiga simu kuuliza kama mama ameukalia ule mto. Spoki alichungulia kwenye kioo cha nyuma cha chumba cha dereva, akaliona gurudumu limetulia pale kitini.

"Ameukalia," alisema. "Amelala."